Pikapu Iliyokuwa Kimya Mno

Inspekta Dianah Mukonyo alimgeuza Benta atazame ukuta kama mtoto aliyekosa darasani, kisha akamwomba radhi kwa hilo.

"Sitaki uone gari," alisema. "Nataka usikie tu. Ukisikia ile ya siku hiyo, inua mkono."

"Sawa, Madam." Benta alimpandisha mtoto vizuri mgongoni, akafunga leso upya, akatulia.

Walikuwa nyuma ya kituo cha polisi, hapo Ruiru, mahali ambapo magari yaliyoshikwa huachwa mpaka yaote nyasi. Pikapu ya bluu ilikuwa imesukumwa katikati ya uwanja. Mwenyewe, kijana anayeitwa Kiilu, alikuwa seli, na mkewe Wamboi alikuwa kwenye benchi la mapokezi, ambako alikuwa ameshinda na kukesha tangu mumewe akamatwe.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kusimulia, nzito kuibeba. Alfajiri ya Jumatatu, Absalom, mlinzi wa ploti moja huko Murera, alikutwa amelala nje ya lango lake, amekanyagwa na gari. Daktari alisema hakufa papo hapo. Benta, ambaye amepanga chumba ng'ambo ya barabara, alikuwa macho akimnyonyesha mtoto. Alisikia gari limesimama nje, likilia, likalia kwa muda, kisha likaondoka. Hakuchungulia. Mtu mwenye akili zake hachungulii giza. Lakini aliposema tu kwamba gari lilikuwa likilia, majirani walimmalizia maneno: ni Kiilu, yule anayesambaza chakula cha kuku, maana pikapu yake inapiga kelele hadi mbwa wa kule Kalimoni wanaijua. Ndivyo Kiilu alivyokamatwa. Kesho asubuhi angepandishwa kortini kwa mauaji, na mtu akishaingia mlango huo, kutoka ni majaliwa.

Mukonyo aliingia ndani ya pikapu, akawasha. Aliacha gia ikiwa nyutro, mguu mbali na klachi. Injini ilinguruma kizee lakini bila lawama. Alingoja. Mkono wa Benta haukuinuka.

Akakanyaga klachi. Pikapu ilipiga yowe lililomfanya konstebo aliyekuwa akinywa chai dirishani aweke kikombe chini. Akaachilia, kelele ikakatika. Akakanyaga tena, yowe likarudi.

"Hiyo ni ya Kiilu," Benta alisema akiutazama ukuta. "Hata nikiwa kwa kitanda naijua."

"Ndiyo ile ya Jumatatu?"

Benta alitikisa kichwa. "Hapana."

"Na mbona ulisema ni yeye?"

"Mimi sikusema ni yeye, Madam. Mimi nilisema gari ilikuwa inalia. Watu ndio walisema Kiilu. Nikaona ni sawa, juu ni nani mwingine ako na gari ya kulia huku kwetu?"

"Geuka sasa. Niambie ile ililia aje."

"Ilisimama hapo nje. Ikawa inalia tu, uuu, kama mashine ya posho. Haikatiki. Mtoto akanyonya akamaliza, bado inalia. Halafu ikanyamaza kidogo, nikasikia gia ikikwaruza, ikaenda. Hii ya Kiilu inalia ikitaka kwenda. Ile ilikuwa inalia ikiwa imekaa."

Mukonyo alihisi furaha iliyochanganyika na aibu. Furaha kwa sababu alikuwa ameshika uzi. Aibu kwa sababu wiki nzima hakuna mtu, yeye mwenyewe akiwemo, aliyemuuliza mama huyu swali hilo.

Baba yake alikuwa dereva wa lori huko Matuu, na alipenda kusema kwamba giaboksi ni mgonjwa asiyejua kuonyesha panapouma. Usimuulize inauma wapi, muulize inauma lini. Gari likilia unapokanyaga klachi, mbovu ni beringi ya klachi, basi. Lakini likilia limesimama, gia iko nyutro, na likanyamaza unapokanyaga, ugonjwa uko ndani ya giaboksi yenyewe, kwenye beringi ya mbele. Hiyo huzunguka kila injini inapozunguka, mpaka mguu wa dereva uitenganishe. Ni maradhi mawili tofauti, na hakuna dereva awezaye kuyabadilisha kwa kutaka. Pikapu ya bluu isingeweza kutoa kilio alichokisikia Benta hata kama Kiilu angeibembeleza.

Bosi wake, Chifu Inspekta Maina, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili mbaya.

"Kwa hivyo nimwambie hakimu hii gari iko na ugonjwa ingine?"

"Ndiyo, afande."

"Mukonyo, ulimshika huyu kijana juu ya kelele. Sasa unataka nimwachilie juu ya kelele. Na unajua vile watu wanasema huko nje? Mkamba anamtetea Mkamba mwenzake."

"Wacha waseme, afande. Midomo ni yao."

"Midomo ni yao, lakini simu inalia kwangu." Maina alisukuma kiti nyuma. "Niletee hiyo inalia ikiwa imekaa. Leo. Ukikosa, kesho Kiilu anapanda kortini, na hiyo hadithi ya beringi utampelekea wakili wake."

Mukonyo alirudi mezani akazitandaza picha za Murera. Alikuwa amezitazama mpaka zikamchosha, lakini sasa alikuwa na swali jipya. Katika picha ya lango, kufuli lilining'inia wazi, ufunguo ndani yake. Majirani wote walikuwa wamesema jambo moja juu ya marehemu: Absalom hakuwa mtu wa kumfungulia yeyote. Hata chifu aliwahi kuachwa nje ajibizane na lango. Basi alfajiri ile alimfungulia nani? Si Kiilu, ambaye hakuwa na kazi yoyote ndani ya ploti hiyo. Mlinzi wa namna ile hufungua bila kuuliza kwa mtu mmoja tu, yule anayemwajiri.

Ploti ilikuwa yadi ya magari ya kuuza, mali ya Githinji, broka wa Thika. Githinji ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Tena ndiye aliyewaambia makonstebo asubuhi ile, kabla hawajauliza, kwamba Murera gari linalolia ni moja tu. Mukonyo alikuwa ameyachukua maneno hayo kama msaada wa mwananchi mwema. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine hukukaribisha chai.

"Auma," alimwita sajini wake. "Chukua gari la kituo. Tunaenda Thika."

* * *

Githinji aliwapokea nje ya ofisi yake ya mabati huko Makongeni, kofia mkononi, uso wa matanga. Alikuwa mtu mnene, mpole wa maneno, wa kushika mkono wa mgeni kwa mikono miwili.

"Karibu, Madam. Tulikuwa tunapanga vile mwili utasafirishwa. Absalom alikuwa kama ndugu yangu, sijui kama unaelewa."

"Pole sana, mwenyekiti. Jumatatu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala hapa Thika. Nilipigiwa simu ndio nikakuja mbio."

"Na gari gani?"

"Si hiyo tu nyeupe." Alionyesha pikapu iliyoegeshwa kivulini. Kabla Mukonyo hajaomba, ufunguo ulikuwa tayari kwenye kiganja chake. "Endesha ujionee. Gari zangu hazina siri."

Mukonyo aliwasha. Nyutro, mguu mbali na klachi. Alitega sikio kwa makini yote aliyokuwa nayo. Injini ilinguruma, na chini yake hakukuwa na kitu. Akakanyaga klachi. Kimya. Akaachilia. Kimya.

Alimwona Auma dirishani akiuma mdomo, na akamfikiria Wamboi kwenye lile benchi. Ikiwa pikapu hii haikuwa na kilio, basi hakuwa na kitu cha kumpelekea Maina ila picha ya kufuli.

Aliingiza gia ya kwanza, si kwa matumaini ila kwa mazoea, na mkono wa gia ukamkatalia kidogo. Ulikwenda kwa uzito, kama mwiko kwenye ugali ulioshika. Akarudisha, akaingiza tena. Uzito uleule. Sasa akatazama miguuni. Raba ya pedali ya klachi ilikuwa imelika hadi chuma. Kiti kilikuwa kimebonyea, usukani umeng'aa kwa mikono ya miaka. Gari lililofanya kazi kiasi hicho huwa na neno la kusema. Hili lilikuwa kimya kama mtoto aliyevunja sahani.

"Nitazunguka nalo kidogo," alisema.

"Zunguka, Madam. Enda mpaka kona ile, urudi. Kastoma wote hufanya hivyo."

Mukonyo alitazama geji ya mafuta. Sindano ilikuwa imelala chini kabisa.

"Hii unauza?"

"Hapana. Hii ni ya kazi. Ndiyo natumia kila siku."

"Na mbona haina mafuta?"

Githinji alicheka. "Uchumi ni mbaya, Madam."

Lakini Mukonyo alikuwa ameshamgundua. Wote waliowahi kununua gari kwa broka wanaijua desturi hiyo: gari la kuuza huwekewa mafuta ya kufika kona na kurudi, ili ugonjwa wowote uliofunikwa usipate muda wa kuamka. Dereva wa gari la kazi hawezi kulilaza tupu hivyo, maana kesho ana safari. Githinji alikuwa ameiandaa pikapu yake mwenyewe kama anavyoandaa ya mteja, kwa mazoea ya mkono, bila hata kujua kwamba amefanya hivyo.

"Panda," Mukonyo alimwambia. "Twende mpaka Ruiru."

"Haitafika."

"Tutaweka mafuta."

Tabasamu la Githinji lilibaki mahali pake, lakini macho yake yalienda kwa Auma, yakaenda barabarani, yakarudi. Akapanda.

* * *

Waliweka mafuta, wakaingia barabara kuu. Auma alifuata nyuma na gari la kituo. Mpaka Witeithie pikapu ilikuwa tulivu, na Githinji alisimulia mazishi: hema, mahubiri, nani ataongoza maombi. Mukonyo aliitikia tu. Alikuwa akiendesha kwa gia ya tatu pale ambapo ya nne ingetosha, akiikaza giaboksi, akingoja oili ipate moto.

"Madam, unaumiza gari," Githinji alisema. "Weka ya nne."

"Nimezoea ya tatu."

Walipofika Juja, kiganja chake kilichokuwa juu ya mkono wa gia kilihisi mtetemo mwembamba. Mtetemo ukaongezeka, ukapanda hadi kwenye kiwiko.

"Hiyo ni magurudumu," Githinji alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Nimekuwa nataka kufanya balansi."

"Inaweza kuwa." Inaweza kuwa magurudumu, inaweza kuwa propela, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu ya nyuma, na Mukonyo hakutaka kumhukumu mtu wa pili kwa haraka kama walivyomhukumu wa kwanza. Barabara ilikuwa ikiteremka. Alitoa gia, akakanyaga klachi hadi chini, akaiacha pikapu iserereke. Magurudumu yalikuwa yakizunguka kasi ileile, propela vilevile. Mtetemo ulififia, ukaisha. Akaachilia klachi, gia bado iko nyutro, na mtetemo ukarudi mkononi mwake. Si magurudumu, basi. Si propela.

Githinji alinyoosha mkono akafungua redio. Kwaya ya Kikuyu ikajaa ndani ya gari.

"Huu wimbo tutaimba siku ya mazishi," alisema, akaongeza sauti.

Waliendelea hivyo kwa muda, kwaya ikipanda, jasho likimtoka Githinji kwenye mikunjo ya shingo ingawa dirisha lilikuwa wazi. Kisha Mukonyo akaizima redio.

Uuu.

Bado ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo, na haikuwa na haja tena ya kutegewa sikio. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

"Ni unga wa mbao," Mukonyo aliuliza kwa upole, "ama ni ndizi?"

"Sielewi."

"Baba yangu aliuziwa lori hapa Thika. Lilikuwa kimya kabisa, mpaka nusu ya njia ya Matuu. Oili ikapata moto, kilio kikaanza. Alipoimwaga ikatoka na uji wa unga wa mbao, waliotia kwenye giaboksi kuinyamazisha. Mama alimwambia hata angeweza kutengeneza kiti." Alibadilisha gia. Ilikuwa imelegea sasa, ikiingia bila uzito wowote. "Uliifanyia lini? Jumatatu yenyewe?"

Githinji alitazama mbele. Kilio kilikuwa kikikua na kila kilomita, kikitoka chini ya miguu yao.

"Simamisha hapa, Madam. Niko na haja."

"Tumekaribia."

"Nimesema simamisha."

"Jikaze kidogo, mwenyekiti."

Mkono wa Githinji ulikwenda kwenye ufunguo kabla Mukonyo hajamaliza kusema. Mukonyo aliuona kwa pembe ya jicho, akaushika mkono huo, na kwa muda mfupi wote wawili walikuwa wameshikilia kitu kimoja, yeye akisukuma, Githinji akivuta. Pikapu iliyumba ikavuka mstari. Nyuma yao trela ilipiga honi ndefu, na kioo cha pembeni kikajaa uso wake.

"Ukizima, usukani unashika," Mukonyo alisema bila kupandisha sauti. "Tutakufa mimi na wewe. Toa mkono."

Trela iliwapita kwa upepo. Githinji alitoa mkono, akauweka gotini. Hakuugusa ufunguo tena mpaka Ruiru.

* * *

Auma alikuwa amepiga simu. Walipoingia uwanja wa nyuma, Benta alikuwa tayari amesimamishwa ukutani, mgongo kwao, na Maina ameegemea mlango wa ofisi, mikono kifuani. Wamboi alikuwa ametoka nje, akasimama kando bila kujua anangoja nini.

Mukonyo aliegesha. Akatoa gia, akauinua mguu kwenye klachi.

Pikapu nyeupe ililia. Ililia ikiwa imekaa, sauti moja isiyokatika, kama mashine ya posho. Mkono wa Benta ulikuwa juu kabla gari halijatulia. Mukonyo akakanyaga klachi na ukimya ukaingia. Akaachilia. Kilio kikarudi, na mkono wa Benta ulikuwa bado juu, vidole vimekunjamana. Maina aliutazama mkono huo kwa muda, kisha akamwita konstebo alete beseni la kumwagia oili.

Mukonyo hakuzima. Aliwaza kwamba alipaswa kushuka, kwamba kazi ya leo imekwisha. Lakini kulikuwa na jambo moja lililokuwa limemkaa kooni tangu asubuhi, na hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

"Huna lazima ya kunijibu," alimwambia Githinji. "Na ukisema kitu hapa, korti haitakichukua, mpaka ukirudie mbele ya mkubwa wangu, na mtu wako wa kukushuhudia akiwepo. Oili itasema yenyewe."

"Ilikuwa ajali," Githinji alisema. Sauti yake ya upole ilikuwa imekauka. "Nilikuwa naleta gari kwa yadi. Nilirudi nyuma. Alikuwa ameshika lango na mimi sikumwona."

"Naamini."

"Ilikuwa ajali, Madam. Ukweli wa Mungu."

"Kule barabarani ulitaka kuzima injini hata kama ingetuua. Lakini Murera ulikaa nje ya lango, gari ikilia hivi, mpaka mtoto wa huyu mama akanyonya akashiba. Watu wamelala, wewe umeacha kelele yote hii. Mbona hukuzima?"

Githinji alitazama mgongo wa Benta na mtoto aliyelala juu yake.

"Alikuwa ananiita," alisema. "Ananiita kwa jina. Ningezima, majirani wangemsikia."

Mukonyo alizima injini. Alikaa na ufunguo mkononi, hakuweza kumtazama mtu aliyekuwa kando yake. Kisha alishuka, akamwambia Auma alete pingu, na amfungulie Kiilu aende nyumbani na mkewe.